MIZANI YA KAHAWA: HABARI ZA USHIRIKA WA WAKULIMA WADOGO NA BIASHARA YA HAKI



Ni desturi ya kitabu hiki cha taarifa ya mwaka, baada ya hesabu za fedha na habari za misiba, karo na misaada, kutenga kurasa chache za historia, ili tusiwe watu wa kuhesabu shilingi bila kujua zilikotoka. Mwaka huu tumechagua habari za kahawa, na sababu yake haimfichiki mwanachama yeyote. Wengi wetu tunaofanya kazi mjini tulisomeshwa kwa fedha za kahawa. Nyumba za wazazi wetu ziliezekwa mabati kwa fedha hizo hizo, na hata michango ya kwanza ya chama hiki ilitoka katika malipo ya kiwandani. Sasa chama cha ushirika cha nyumbani kimeletewa shauri la kuingia katika ile iitwayo biashara ya haki, yaani kuuza kahawa kwa wanunuzi wa ng'ambo walioahidi kutoshusha bei chini ya kiasi fulani. Wanachama wanaulizana kama jambo hili ni neema au ni maneno matamu tu.

Sisi hatukutumwa kumsifu mtu wala kumtia mtu hofu. Twataka kueleza mambo yalivyokuwa, tangu mche wa kwanza hadi siku hizi, kisha kila mtu apime kwa akili yake. Lakini yafaa tuseme mapema tuliyoyaona baada ya kuyafuata mambo haya kwa utaratibu. Bei ya haki haikuanzia kwa mnunuzi wa Ulaya. Ilianzia kwa wakulima waliokubali kupima kahawa yao kwa mizani moja na kuiandika katika daftari moja. Mnunuzi mwema alikuja baadaye, akawakuta wamekwisha kujiunga. Na mahali ambapo daftari lilipotoka, hata mnunuzi mwema hakuweza kuwaokoa.

MWANZO WA KAHAWA KATIKA NCHI YETU

Kahawa ililetwa Kenya na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Ufaransa, walioipanda Bura, katika nchi ya Taita, mwaka 1893. Haikupita miaka mingi ila ikafika Nairobi, na masetla wakafungua mashamba makubwa pande za Kiambu, Ruiru na Thika. Mwafrika aliitwa katika mashamba hayo apalilie, achume na abebe magunia, lakini kupanda mche wake mwenyewe alikatazwa. Masetla walitoa sababu. Walisema kwamba Mwafrika hataweza kuutunza mti huu, na kwa hiyo wadudu na magonjwa yatatoka shambani kwake na kuenea kwingine. Walisema pia kwamba wezi wataiba kahawa ya mashamba makubwa na kuiuza kama yao. Kulikuwa na sababu nyingine isiyosemwa kwa sauti kubwa: mtu mwenye kahawa yake hatatoka nyumbani alfajiri kwenda kuchuma ya mwingine.

Mlango ulifunguliwa kidogo katika miaka ya 1930, Serikali iliporuhusu Waafrika wa Kisii, Meru na Embu kupanda kahawa, kwa masharti makali na kwa miche ya kuhesabiwa. Sehemu hizo zilikuwa mbali na mashamba ya masetla. Mlango ulifunguka kweli kweli baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, uliotungwa wakati wa Hali ya Hatari. Katika miaka michache miteremko ya Mlima Kenya na ya Nyandarua, na vilima vya Kisii na Machakos, ilianza kugeuka rangi kwa majani ya mbuni.

Hapo ndipo ushirika ulipokuwa jambo la lazima. Tunda la kahawa lililochumwa asubuhi sharti liondolewe ganda lake siku ile ile, la sivyo huchacha na ladha yake ikaharibika. Baadaye huoshwa kwa maji mengi, huanikwa juani kwa siku kadhaa, kisha hupelekwa kukobolewa. Mtu mwenye miti mia moja hawezi kujenga mtambo wa namna hiyo peke yake, wala hawezi kusafirisha debe zake mbili tatu hadi Nairobi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1945 ilikuwa imekwisha kutoa njia, na wakulima waliifuata: wakachanga, wakajenga viwanda kando ya mito, wakachagua kamati na kuajiri makarani. Chama kikachukua matunda ya kila mtu, kikayapima na kumpa risiti, kisha kikayauza pamoja.

JIRANI ZETU WA KILIMANJARO

Lakini sisi hatukuwa wa kwanza katika Afrika ya Mashariki. Ng'ambo ya mpaka, Wachagga wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kutangulia, na habari zao zatufaa sana, kwa kuwa ndio waliokuja kuwa miongoni mwa wa kwanza katika sehemu hizi kuuza kahawa katika biashara ya haki.

Huko nako kahawa ililetwa na wamisionari kabla ya mwaka 1900. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Charles Dundas, aliyekuwa mkuu wa wilaya huko Moshi, aliwahimiza wenyeji waipande katika vihamba vyao, chini ya kivuli cha migomba. Masetla wa Moshi walinung'unika na kutaka Serikali iwakataze, kama walivyokatazwa wenzao wa Kenya. Wachagga hawakukaa kungoja hukumu. Mwaka 1925 waliunda chama cha wapandaji kilichojulikana kwa herufi za KNPA, na Joseph Merinyo akawa mmoja wa viongozi wake. Kazi yake ilikuwa kupigana na wadudu, kuuza kahawa kwa pamoja, na kuitetea haki ya mwenyeji ya kupanda zao hili katika ardhi yake. Mwaka 1932 Tanganyika ilipata sheria ya ushirika, na mwaka 1933 chama hicho kikafuatwa na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, ambacho twakijua kwa jina la KNCU.

Msidhani kwamba tangu hapo mambo yalikwenda kama maji mtoni. Kahawa yote ya Wachagga iliamriwa ipitie katika chama kikuu. Bei ya dunia ilipokuwa chini, wakulima walianza kuuliza kama chama ni chao au ni cha Serikali. Mwaka 1937 maulizo yaligeuka kuwa ghasia, na maghala ya vyama katika sehemu fulani yakashambuliwa na wanachama wenyewe. Ni jambo la kufikiriwa sana, wazee wetu. Watu waliovunja milango ile walikuwa wenye kahawa wenyewe. Walivunja kwa sababu hawakuelewa makato, wala hawakuona kwamba sauti yao yasikika.

Kisha mwaka 1976 Serikali ya Tanzania ilivifuta vyama vikuu vyote vya ushirika nchini na kuziweka kazi zao mikononi mwa mamlaka za Serikali. Vyama vilirudishwa katika miaka ya 1980, baada ya wakulima kuona hasara. KNCU ikasimama tena. Chama kilichoweza kufutwa kwa amri na bado watu wakakikumbuka na kukirudia ni chama chenye mizizi.

BEI ISIYOTAWALIWA NA MKULIMA

Tukirudi kwetu, miaka baada ya Uhuru ilikuwa miaka ya neema kwa wakulima wa kahawa. Mwaka 1962 nchi zinazouza na nchi zinazonunua zilikuwa zimefanya Mapatano ya Kimataifa ya Kahawa, na kila nchi ikapewa kiasi chake cha kuuza ili soko lisifurike. Benki ya Ushirika ya Kenya iliandikishwa mwaka 1965, ikaanza kazi mwaka 1968, na fedha za kahawa zilikuwa sehemu ya nguvu zake.

Wazee wanaukumbuka vizuri mwaka 1975, baridi kali ilipoiunguza kahawa ya Brazil. Bei ilipanda hata mwaka 1977 ikapita dola tatu kwa ratili moja katika soko la New York. Huo ndio wakati wa magendo ya Chepkube, kahawa ya Uganda ilipovushwa mpakani usiku na watu wakatajirika kwa majuma machache. Waliojenga nyumba za mawe wakati ule wanazo hata sasa, na waliodhani kwamba bei ile itadumu milele waliachwa na madeni.

Msimu wa 1987/88 Kenya ilivuna yapata tani 130,000 za kahawa. Mwaka uliofuata mambo yaligeuka. Mwezi wa Julai 1989 nchi za Mapatano zilishindwa kuelewana, ule utaratibu wa mafungu ukaachwa, na kila nchi ikamwaga kahawa yake sokoni. Bei ikaanguka, na mwaka 1992 ilishuka chini ya senti 60 za Marekani kwa ratili. Mkulima wa mlimani hakuwa amefanya kosa lolote. Alipalilia kama kawaida na kunyunyiza dawa kama kawaida, lakini alipokwenda kuchukua malipo alikuta hayatoshi hata kulipia dawa ile.

Shida haikuja peke yake. Sheria ya ushirika ya mwaka 1997 iliondoa sehemu kubwa ya usimamizi wa Serikali, na vyama vikaachiwa vijitawale. Jambo hilo lilikuwa jema kwa maneno, lakini mahali pengi hesabu hazikuwa tayari kuonwa na macho ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vyama vikubwa viligawanyika vipande vipande, na katika Nyeri watu waliumizana kwa ajili ya viwanda walivyovijenga baba zao. Sheria ilirekebishwa mwaka 2004 na usimamizi ukarudishwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuacha mibuni yao ikaota magugu, na wengine wakaing'oa. Katika misimu ya miaka ya 2010 na ya mwanzo wa 2020, mavuno ya Kenya nzima hayakufika tani 60,000. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo tuliona kwa macho.

BIASHARA YA HAKI ILIVYOZALIWA

Wakati huo wa taabu ndipo jambo jipya lilipochipuka, na lilichipuka mbali na kwetu, katika milima ya Oaxaca, kusini mwa Mexico. Huko wakulima wadogo Wahindi wa kale wa nchi ile walikuwa wakinyonywa na madalali waliowanunulia kahawa mlangoni. Katika miaka ya 1980 walijiunga katika ushirika uitwao UCIRI. Aliyekuwa nao alikuwa padre Mholanzi, Frans van der Hoff, aliyeishi kati yao na kufanya kazi za mikono kama wao. Wakulima hawa hawakuomba sadaka. Walitaka kuuza kahawa yao kwa bei inayolipa gharama ya kuilima.

Van der Hoff alishirikiana na Mholanzi mwingine, Nico Roozen, na mwezi wa Novemba 1988 paketi za kwanza zenye alama ya Max Havelaar zikaanza kuuzwa katika maduka ya Uholanzi. Jina hilo lilitolewa katika riwaya ya mwaka 1860 iliyofichua jinsi wenyeji wa Java walivyoonewa chini ya utawala wa Waholanzi. Nchi nyingine za Ulaya zikafuata mfano huo. Mwaka 1997 vyama vya alama hizo viliungana na kuweka makao yake Bonn, Ujerumani.

Kanuni zake si ngumu kueleweka. Bei ya soko ikishuka, mnunuzi hawezi kwenda chini ya bei ya kima cha chini iliyowekwa. Bei ya soko ikipanda juu ya kima hicho, hulipa ile ya soko. Kwa vyovyote vile huongeza fedha kidogo juu yake, iitwayo nyongeza, ambayo haiendi mfukoni mwa mtu mmoja, bali huwekwa katika hesabu ya chama na kutumiwa kwa shauri la mkutano mkuu. Chama kikiomba, mnunuzi hutoa sehemu ya malipo mapema, hadi asilimia 60 ya thamani ya mapatano, ili chama kisilazimike kukopa kwa riba kubwa. Nacho chama sharti kiwe cha wanachama kweli kweli: kiwe na mikutano, kura na vitabu vya hesabu vinavyokaguliwa.

Faida yake ilionekana wazi mwaka 2001. Mwaka huo bei ya New York ilianguka chini ya senti 50 kwa ratili, na wakulima wa nchi nyingi walikuwa katika njaa. Bei ya biashara ya haki kwa kahawa ya arabika iliyooshwa ilikuwa dola 1.26, nyongeza ikiwa ndani yake, yaani zaidi ya mara mbili na nusu. Mwaka 2011 kima cha chini kiliwekwa kuwa dola 1.40 na nyongeza senti 20. Mwezi wa Agosti 2023 kima kikapandishwa kuwa dola 1.80, na nyongeza ikabaki senti 20.

Katika Afrika ya Mashariki walioingia mapema ni jirani zetu wa Tanzania: chama kikuu cha Kagera, KCU, na KNCU ya Kilimanjaro. Chama cha Kagera kilifanya jambo la busara sana. Hakikugawa nyongeza yote kwa vitu vya kuliwa, bali kilitumia sehemu yake kununua hisa katika kiwanda cha Tanica cha mjini Bukoba, kinachotengeneza kahawa ya unga ya kuyeyuka katika maji. Wakulima wakawa na sehemu katika kazi iliyo mbele ya shamba, pale penye faida kubwa kuliko shambani.

Sisi wa Kenya tulichelewa, na yafaa tujue sababu. Kwa miaka mingi kahawa yote ya Kenya ilipaswa kupitia katika mnada wa Nairobi. Mnada una wema wake, kwa kuwa kahawa nzuri hushindaniwa hadharani. Lakini katika mnada mkulima hamjui mnunuzi, wala mnunuzi hamjui mkulima. Urafiki wa miaka mingi utajengwaje kati ya watu wasiojuana? Mwaka 2006 ndipo sheria iliporuhusu njia ya pili, ya chama kuuza moja kwa moja kwa mnunuzi wa ng'ambo, nao mnada ukaendelea.

Tangu hapo vyama kadhaa vya Kenya vimeingia. Vyama vya Kabng'etuny na Kapkiyai, katika sehemu za Kericho na Nandi, vimefanya jambo ambalo wazee wetu watatuwia radhi tukilitaja bila kuzungukazunguka. Waume huko walikubali kuwaandikia wake zao baadhi ya mibuni, ili wanawake wawe wanachama kwa majina yao wenyewe, wapige kura, na walipwe wenyewe. Kila mmoja wetu ajua ni nani huamka kuchuma na ni nani hukaa foleni kiwandani hadi giza likaingia na gunia liko kichwani. Tena ajua ni jina la nani lililo katika daftari. Wake na mama zetu wamechuma kahawa miaka sabini bila kuwa na nambari ya uanachama. Hatuoni jinsi tunavyoweza kudai haki kwa mnunuzi wa mbali huku jambo hilo likiwa halijatengenezwa nyumbani.

FAIDA NA MIPAKA YAKE

Sasa na tupige hesabu kama makarani, kwa maana neno haki ni zuri, lakini halijazi kibaba.

Nyongeza ni senti 20 kwa ratili. Kilo moja ni ratili mbili na sehemu kidogo, basi nyongeza ya kilo moja ya kahawa iliyokobolewa ni senti 44 hivi. Lakini mkulima hupeleka kiwandani matunda, wala si kahawa iliyokobolewa. Huhitajika yapata kilo saba za matunda kupata kilo moja ya kahawa hiyo. Gawanya, na utaona kwamba nyongeza ya kilo moja ya matunda ni kama senti sita za Marekani. Tuseme chama kimeuza kontena moja, yaani magunia 320 ya kilo 60. Nyongeza yake itakuwa zaidi kidogo ya dola 8,400. Chama chenye wanachama elfu moja kikiigawa, kila mtu atapata dola nane, fedha za sukari na majani ya chai. Kisipoigawa, zaweza kununua mashine ya kumenyea kahawa, au miche bora ya kupanda shamba zima, au kulipia karo watoto yatima wa kata nzima. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba sharti kiwe kimoja.

Jambo la pili: bei ya kima cha chini ni ya kahawa iliyo tayari bandarini, imekwisha kukobolewa, kupangwa kwa madaraja na kupakiwa. Kati ya bandari na mlango wa mkulima kuna kiwanda, mkobozi, wakala, gari, mkopo wa chama na posho za kamati, na kila mmoja hukata chake. Mnunuzi wa Ulaya aweza kulipa vizuri, na mkulima akapokea vibaya, kwa sababu fedha zimenyweshwa njiani. Hakuna alama juu ya paketi iwezayo kuziba tundu lililo katika hesabu za chama.

Jambo la tatu: chama kilichokubaliwa hakina hakika ya kuuza kahawa yake yote kwa njia hii. Wanunuzi wa biashara ya haki si wengi kama kahawa iliyopo, na kahawa inayobaki huuzwa kama nyingine. Lakini ada ya ukaguzi chama hulipa chenyewe, iwe kimeuza kidogo au kingi. Kwa hiyo chama kidogo chenye mavuno haba chaweza kulipia cheti kisichokirudishia gharama.

Jambo la nne, ambalo laweza kuwa la hatari zaidi: kujaribiwa wakati wa neema. Mwezi wa Februari 2025 bei ya arabika New York ilipita dola nne kwa ratili. Bei inapokuwa juu hivyo, kima cha chini hakina kazi, na dalali huja na fedha taslimu mlangoni usiku. Mwanachama akiuza huko, chama hushindwa kutimiza mapatano yake, na mnunuzi wa miaka mingi hupoteza imani. Kisha bei ikianguka, nayo imeanguka mara nyingi kama tulivyoonyesha, dalali haonekani tena, na yule mnunuzi amekwisha kupata wakulima wengine. Urafiki wa biashara hupimwa pande zote mbili. Twamtaka mnunuzi asituache bei ikiwa chini. Yeye naye atutaka tusimwache bei ikiwa juu.

Pamoja na hayo yote hatusemi kwamba jambo hili ni bure. Katika muongo wa 2010 vyama vya wakulima na wafanyakazi wa nchi zinazolima vilipewa nusu ya kura katika baraza kuu la biashara ya haki huko Bonn, na muungano wa Afrika una ofisi yake Nairobi. Mtu akipewa kiti barazani, akiacha kukikalia asilaumu walioamua bila yeye.

SHAURI LETU

Wanachama walio na mibuni nyumbani, na ndio wengi, watakwenda katika mkutano mkuu wa chama cha ushirika na kuulizwa waseme ndiyo au siyo. Twaonelea kwamba kabla ya kujibu waulize mambo machache mbele ya watu wote. Je, hesabu za chama za miaka mitatu iliyopita zimekaguliwa, na zimesomwa kwa lugha wanayoielewa wanachama? Katika kila shilingi mia zinazolipwa kwa kahawa yetu, ni ngapi humfikia mkulima, na zilizobaki zinakwenda wapi? Mizani ya kiwanda imepimwa lini, na ni nani aliyeshuhudia? Wanawake wanaochuma wameandikwa? Vijana wanaorithi mashamba wanaitwa mkutanoni, au huitwa siku ya kubeba magunia tu?

Majibu yakiwa mema, twawashauri waingie katika biashara ya haki bila woga, kwa kuwa kima cha chini ni kama boma: hakimpi mtu ng'ombe, lakini huwazuia fisi wa mwaka mbaya. Majibu yakiwa mabaya, waanze kwa kuyatengeneza hayo kwanza. Wasitumaini kwamba mgeni atakuja kuwatengenezea, maana mtegemea cha nduguye hufa maskini. Wachagga walikuwa na chama miaka zaidi ya sitini kabla ya paketi ya kwanza ya Max Havelaar kuuzwa. Wakulima wa Oaxaca walijiunga kwanza, kisha wakatafuta soko. Hatukuona mahali popote katika historia hii ambapo utaratibu ulikuwa kinyume na hivyo na jambo likafaulu.

Kwa upande wa chama chetu hiki cha mjini, kamati imekubali kwamba wanachama wenye ujuzi wa hesabu waweza kutoa siku zao za likizo kwenda nyumbani kuwasaidia wazee kuzisoma hesabu za ushirika kabla ya mkutano mkuu. Majina yapokewa kwa katibu, na nauli italipwa katika mfuko wa maendeleo.

 Mungu awajalie mvua ya kutosha, na mizani ya kweli.